Kesho Kutwa ya Bwana Khelefu

Palikuwa na tajiri, palikuwa na mjane, na baina yao palikuwa na sufuria.

Sufuria ilikuwa ya Bi Mwanakombo, mwalishi wa mji, anayepita nyumba kwa nyumba kualika watu karamuni. Bwana Khelefu aliiazima, na kila alipodaiwa alijibu, "Njoo kesho kutwa." Siku hiyo ikifika, jibu lilikuwa lile lile.

Siku moja tajiri akamwita. "Nimemaliza ghorofa yangu. Alika mji mzima waje kula."

"Waje lini, bwana?"

"Kesho kutwa. Sema hivyo hivyo, usiongeze neno."

"Sitaongeza hata moja."

Siku ilipofika, wageni walikuwa wachache, na Khelefu akafurahi kimoyomoyo. Kesho yake wakaja wengine, na kanzu zao za Ijumaa. Mgeni aliyealikwa hafukuzwi, akachinja mbuzi. Siku ya tatu wakaja wengine tena, ghala likabaki vumbi. Khelefu akamkimbilia Mwanakombo, akamkuta anajitanda buibui atoke.

"Umenifanya nini, wewe bibi?"

"Nimealika, bwana. Miguu yangu mizee, basi kila siku mtaa mmoja. Na kila mtaa nimeuambia kesho kutwa, kama ulivyoniagiza."

"Mitaa imekwisha?"

"Wapi! Ndiyo kwanza naanza. Na sufuria yangu, bwana, niijie lini?"

Khelefu akafumbua kinywa. Neno likamfika ulimini, akalimeza.

Jioni ile mji ulimwona akipita njiani, sufuria kichwani, akikimbia.