Kauri Tatu za Chatu

Nikiita, itikieni. Mpo?

Tupo, simulia.

Kimya kipo?

Kipo mpaka nyuma.

Hapo kale, kale ya kale, kabla yangu na kabla ya kitambi changu, mvua iligoma. Maji yakabaki mahali pamoja tu: ndani ya pango la Chatu.

Chatu alikuwa na kauri tatu, zile simbi zenye mdomo upande mmoja na mgongo upande wa pili. "Rusha," alimwambia kila mgeni. "Zote zikilala mdomo juu, kunywa. La sivyo, nakumeza. Kila kauri ni nusu kwa nusu, sikuonei."

Ngiri akapiga hesabu. "Nusu, na nusu, na nusu. Hiyo ni moja na nusu. Nitakosaje?" Akaingia. Swala akajumlisha vivyo hivyo, akaingia. Kima akajumlisha, akaingia. Mimi ningekuwa wa nne, hesabu zangu mnazijua.

Hakutoka hata mmoja; pango likabaki likipumua, mchana kweupe.

Akaja Mama Pimbi. Wanawe walikuwa wamekauka ndimi. Akatazama nyayo mlangoni: nyingi za kuingia, chache mno za kutoka. Akachora mchangani. Kauri ya kwanza, njia mbili. Kila njia ikazaa mbili, zikawa nne. Kila moja ikazaa mbili tena, nane. Katika nane, moja tu ilikuwa na mdomo juu mara tatu.

Akaingia.

"Shikamoo, Bwana Chatu."

"Marahaba. Umenona."

"Ni manyoya tu, baba. Naomba tugeuze. Zote zikilala mdomo juu, unimeze. La sivyo ninywe, nibebe na ya watoto."

Chatu akacheka bila sauti. Hata yeye alidhani shibe yake ni bahati. "Nusu ni nusu. Rusha moja moja, nifaidi."

Ya kwanza: mdomo juu.

Ya pili: mdomo juu. Chatu akajiviringisha miguuni pake, baridi kama mtungi.

"Umekwisha, mama."

"Ya tatu haijui wenzake wamelalaje," alisema Mama Pimbi. "Kwake bado ni nusu."

Akarusha. Ikazunguka, ikazunguka. Tumboni mwa Chatu sauti ya Kima ikanong'ona: "Mgongo, dada. Mgongo."

Ikalala mgongo juu.

Chatu akajikunjua polepole. Mama Pimbi akanywa, akajaza kibuyu, watoto wakapona. Tangu hapo kila mnyama aliomba sharti la Mama Pimbi. Wengi walitoka. Mmoja mmoja hakutoka.

Basi, wenzangu, mambo yanayotakiwa yatokee yote kwa pamoja msiyajumlishe. Ni nusu ya nusu ya nusu, yanasinyaa. Na hata ukipewa njia saba, ya nane ina mwenyewe.

Hadithi yangu imeingia pangoni. Anayeitaka aifuate.