Mafunda Matatu ya Zimwi

"Onja wewe kwanza!" Mwanasiti alimfokea zimwi aliyemletea kibuyu cha dawa. "Kwetu mganga huonja dawa yake."

"Mwenye kifafa ni mwanao, mama, si mimi. Mzizi wa dawa hii huota mara moja kwa miaka mia, na umetoa mafunda matatu tu."

"Nani asiyejua hila zenu? Onja!"

Basi, wenzangu, zimwi akanywa funda moja. Mwanasiti akamkagua macho. "Tena!" Akanywa la pili. Akamkagua ulimi. "Tena!" Akanywa la tatu. Hakudhurika.

Mara binti yake, Mize, akaanguka, mwili ukamtetemeka. Mwanasiti akamlaza ubavu, akapapasa kibuyu. Kitupu!

Zimwi akageuka mlangoni. "Ungeniamini kwa funda la kwanza, mama, mawili yangekuwa yake."