Zimwi la Kisima cha Mkungumani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu. Na wewe unayesinzia, nenda ukalale kwa bibi yako, maana ngano ya leo haisikilizwi kwa jicho moja.

Hapo kale watu wa Mkungumani walikula mwani. Waliupika mpaka ukayeyuka, ukawa mwepesi kama mchuzi. Ukishapoa, nyuzi zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikayafunga maji ndani, na chungu kizima kikaganda. Sharti lao lilikuwa moja: chungu cha mwani huoshwa baharini, hakioshwi kisimani.

Basi siku moja Time, mama yake Mize, alikuwa na haraka. Akakioshea chungu chake kisimani. Ukoko mkavu wa mwani, mdogo kama ukucha, ukabanduka ukatumbukia majini.

"Leo tu," akasema moyoni.

Leo tu! Neno hilo limeua wengi, wajukuu zangu.

Ule ukoko ukanywa, ukafura. Ukanywa, ukafura. Ukanywa, ukafura. Kulipokucha kisima kilikuwa kimejaa zimwi, rojorojo tupu, halina mfupa, unaona mpaka ndani yake. Lilikuwa na mdomo tu.

"Nina kiu," likasema.

Mzee Shaame, mkubwa wa mji, akaamua. "Lipeni maji lishibe, liende zake."

Watu wakamwaga mitungi yao. Zimwi likafura mpaka ukingoni.

"Nina kiu."

Wakamwaga tena. Likafura, likatoka nje, likaziba njia.

"Nina kiu."

Maji yalikuwa yamekwisha majumbani. Mize, mtoto mwenye huruma, akapeleka kata moja ya maji, ndiyo pekee iliyobaki kwao. Zimwi likaivuta kata, likamvuta na mwenyewe.

Time akafika mbio. Akamwona mwanawe ndani ya tumbo la zimwi, macho wazi, kata ingali mkononi. Midomo yake ilikuwa ikiita mama, lakini sauti haikutoka. Na Time alijua ni nani aliyelileta balaa lile.

Ndipo akakumbuka mambo ya jikoni. Mwani ulioganda ukiutia chumvi nyingi, hutoa maji, ukasinyaa. Akabeba pakacha zima la chumvi.

Mzee Shaame akamshika mkono. "Mwanangu, chumvi ikiingia kisimani, tutakunywa nini?"

"Sijui, baba. Najua Mize yumo mle."

"Yeye ni mmoja. Sisi ni mji mzima."

"Basi ingia wewe, ukamwambie hivyo."

Mzee akatazama chini, akamwachia mkono.

Time akamwaga chumvi. Zimwi likatoka jasho, likasinyaa. Akamwaga tena. Likagumia, likasinyaa. Akamwaga yote iliyobaki. Likamtema Mize, baridi kama maiti, lakini anahema. Time akamkumbatia akalia mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Maji yakarudi kisimani, machungu kwa chumvi, hayanyweki. Zimwi likabaki juu ya mchanga, kipande kikavu kama ukucha. Watu walipokimbilia moto wa kulichoma, kikatoka kisauti chembamba.

"Umenitoa maji, Time. Hukunitoa uhai. Mvua itanyesha."

Upepo ukakichukua kile kipande, na hakuna aliyeona kimeangukia wapi.

Tangu hapo wanawake wa Mkungumani hufuata maji mji wa jirani. Na mvua ikianza, wakati wengine wanashangilia, wao huwafungia watoto ndani. Husimama milangoni, kila mmoja na chumvi mkononi, wakisikiliza.

Hadithi yangu imeishia hapo, na koo limenikauka. Mafunzo yake ni haya: sharti la mji halina "leo tu", na mwenye uchu humshibishi kwa kumpa.