Kiganja cha Semkiwa

Chumvi huonjwa jikoni, mezani ni lawama.

Hayo ndiyo maneno aliyowatupia mama yenu mlipokunja nyuso juu ya maharage yake, na sasa mwataka kujua yametoka wapi. Basi, wajukuu zangu, wekeni hizo simu chini. Nawe uliyeanza kusogea mlangoni, rudi ukae, maana wewe ndiye uliyesusa sahani. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa na kalamu. Ilianzia Muheza, katika nyumba ya bwana mmoja aliyeitwa Semkiwa, na aliyeianzisha ni mkewe, Zahara, baada ya kuonewa siku nne mfululizo.

Zahara alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko, akishona sare za shule na nguo za harusi, na mshono wake ulisifika hata watu wa Korogwe wakamletea vitambaa. Cherehani ile alinunuliwa na marehemu baba yake, Mzee Kombo, mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, kote aliitwa Mzee Kombo na masufuria yake. Kabla hajafa alimwambia bintiye, "Mimi nimekula kwa mikono yangu, nawe kula kwa yako." Kwa hiyo cherehani ile kwa Zahara haikuwa chuma tu.

Nyumbani kwake walikuwapo mumewe, watoto wawili wadogo, mama mkwe aliyeitwa Bi. Kidawa, na wifi yake Mwanamvua, aliyerudi kwao baada ya kuachika. Semkiwa alipima machungwa kwa wanunuzi wa jumla, na saa kumi alasiri alikuwa keshavua viatu, yuko barazani anacheza bao. Zahara alifunga kibanda saa kumi na mbili. Hesabuni wenyewe. Watu wazima watatu, wazima wa afya, wenye mikono miwili kila mmoja, walikaa tangu alasiri wakimngoja wa nne atoke kazini aje kuwasha jiko. Hata mkaa hakuna aliyeutia. Mimi nikisimulia hapa hasira hunipanda, na si mimi niliyepikishwa.

Kwa kuwa alirudi amechelewa, Zahara alipika kinachoiva upesi, ugali na dagaa. Siku moja Semkiwa akasema, "Mama Hidaya, kila siku ugali na dagaa, kwani tuko kambini?"

Neno lile lilimchoma, lakini Zahara alikuwa mtu wa haki. Akaona mumewe hakukosea sana, hata watoto walishachoka. Akaamua kujifunza mapishi mapya, yawe mepesi, ya kumalizika kabla watoto hawajasinzia. Basi kila mteja aliyekuja kupimwa akawa anaulizwa, "Dada, wewe jioni unapika nini cha haraka?" Na kila alichoambiwa alikiandika katika daftari lake la vipimo, palepale penye jina la mteja. Ungelifungua ungekuta: kiuno thelathini na nne, urefu wa gauni hamsini na mbili, ndizi mbichi kumi, nazi mbili, bamia usitie. Wateja walicheka, naye akacheka nao. Alikuwa na furaha yake ndogo, ya mtu anayekwenda kuwafurahisha watu wake.

Jumatatu akapika mseto wa choroko. Choroko alizilowekea kibandani tangu asubuhi, chini ya cherehani, akarudi nazo zimelainika. Aliupika kwa nazi, ukatoka laini, unanukia hadi barazani. Bi. Kidawa akachota kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Nani mgonjwa humu ndani?" akauliza.

"Hakuna, Mama."

"Mbona tunapikiwa cha mgonjwa? Tena chumvi imezidi."

Jumanne akapika tambi. Mteja mmoja alimfundisha kuzipika kwa nyanya, vitunguu na mayai, na si kwa sukari kama tulivyozizoea. Lo, siku hiyo ilikuwa kama amepika nyoka! Bi. Kidawa alishika shavu. "Tambi kwa chumvi? Mimi tangu nizaliwe najua tambi ni za futari, zina sukari na iliki. Na hiyo chumvi yenyewe imezidi." Mwanamvua naye akasukuma sahani, akasema, "Imezidi kweli." Watoto walikuwa wanakula kwa mikono miwili, lakini wao nani aliwauliza?

Jumatano zikawa chapati za maji na mchuzi wa dagaa wabichi. Chumvi imezidi. Alhamisi viazi vya kuponda kwa karoti. Chumvi imezidi. Na kila siku, wajukuu zangu, sahani zile zilirudi jikoni nyeupe! Mtu alilalamika huku anafuta mchuzi kwa kidole. Kisha Zahara akaviosha hivyo vyombo peke yake.

Alhamisi hiyo, Zahara alipokuwa anakusanya sahani, Semkiwa akakohoa kidogo, kama afanyavyo mtu aliyetumwa.

"Mama Hidaya, kaa. Mama na mimi tumezungumza."

Zahara akakaa, sahani zingali mikononi.

"Nyumba inakushinda," Semkiwa akasema. "Chakula cha siku nne hakijalika."

"Hakijalika? Sahani si hizi hapa?"

"Usinikatize. Cherehani ndiyo inayokuvuruga. Kesho namwita Baba mkubwa aje ale hapa, aone mwenyewe. Akithibitisha kuwa hujui kupika, kibanda kifungwe, cherehani irudi nyumbani. Mwanamvua atajifunza kuitumia humu humu."

Mwanamvua akainamisha kichwa, lakini Zahara aliona anavyotabasamu. Hapo ndipo alipoelewa. Jambo halikuwa mseto wala tambi. Alikuwa amezunguka mji mzima akiomba mapishi ili awafurahishe, kumbe wao wanamhesabia makosa. Akaingia jikoni, akaweka sahani chini, akalia kwa hasira. Mtu akikupiga utajua pa kupaka dawa, lakini akila chakula chako akakikana, utampeleka wapi?

Alipokuwa anasugua sufuria akamkumbuka baba yake. Mzee Kombo alikuwa na mwiko wake mmoja katika kazi. Hakuepua sufuria la shughuli mpaka mwenye shughuli aje mwenyewe, anyooshe kiganja, atiliwe tone la mchuzi, aonje chumvi mbele ya watu. Akisema imepungua, inaongezwa. Akisema sawa, basi, tangu hapo hakuna mgeni anayeruhusiwa kumsema mpishi. Hata tajiri aliingia jikoni na kanzu yake nyeupe, akanyoosha kiganja. Zahara akasugua sufuria ile mpaka ikang'aa.

Ijumaa alifunga kibanda mapema. Chumvi ya nyumbani ilikuwa imekwisha, akapitia dukani akanunua pakiti ndogo, akaifutika kiunoni ndani ya kanga. Nyumbani akakuta Mzee Mhando, baba mkubwa wa Semkiwa, ameketi barazani na bakora yake. Alikuwa mzee wa maneno machache, na ukoo mzima ulimwogopa kwa sababu hakuwa na upande. Zahara akampa shikamoo, akaingia jikoni.

Alipika ndizi mbichi kwa nazi, zile za ukurasa wa kiuno thelathini na nne. Tui la kwanza lilipoanza kuchemka, akachota mchuzi kwa upawa, akautia katika bakuli, akatoka nao barazani. Watu walidhani chakula tayari. Mwanamvua akanyanyuka kwenda kunawa.

"Bado," Zahara akasema. "Sijaepua. Nimekuja kuwaonjesha chumvi."

"Kuonjesha?" Bi. Kidawa akashtuka. "Kwani wewe huna ulimi?"

"Ninao, Mama. Lakini siku nne ulimi wangu umekuwa mwongo humu ndani. Kwetu, mpishi akiwa na shaka humwita mwenye shughuli. Leo shughuli ni yenu. Anayehukumiwa ni mimi. Naomba viganja."

Semkiwa akaruka. "Zahara! Unanitia aibu mbele ya Baba mkubwa? Mimi mwanamume nionje chumvi kama mpishi?"

"Baba Hidaya, mezani umekuwa bingwa wa chumvi wiki nzima. Ubingwa huo unaishia wapi chungu kikiwa motoni?"

Mzee Mhando akagonga bakora chini mara moja. "Semkiwa, umeniita nihukumu. Nitahukumu vipi usichotaka kukionja? Anza wewe, shemeji," akamwambia Bi. Kidawa.

Bi. Kidawa akanyoosha kiganja kwa kujivuta. Zahara akamtilia tone. Bibi yule akaligusa kwa ncha ya ulimi, wala sidhani kama ulilowana, akakunja uso wote. "Imezidi! Kama kawaida yake. Nilisema mimi."

Mwanamvua hakungoja hata tone lipoe. Alilipangusia kwenye kanga, akasema, "Imezidi, Baba mkubwa. Ndivyo tunavyokula siku zote."

Ikafika zamu ya Semkiwa. Yeye alionja kweli. Zahara alikuwa amesimama mbele yake, aliuona ulimi unaramba, akaona macho yanasimama, kisha yanamgeukia polepole. Semkiwa alikuwa amejua. Akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, mama naye akamkazia jicho. Zahara akangoja. Angesema kweli wakati ule, Zahara angemsamehe siku zote nne, na hili alilisema mwenyewe mpaka uzeeni.

Semkiwa akafuta kiganja kwenye suruali. "Imezidi," akasema.

Zahara akamgeukia Mzee Mhando, akamtilia tone. Mzee akaonja. Akaomba la pili, akaonja tena, akiwa amefumba macho.

"Mwanangu," akasema, "mbona hiki hakina chumvi kabisa?"

Zahara akatia mkono kiunoni, akaitoa pakiti, akamwekea mzee magotini. Ilikuwa nzima, haijakatwa popote.

"Hakina, Baba. Ya jana ilikwisha, na hii ndiyo ya leo. Chumvi waliyoionja wenzangu ni ya vinywani mwao."

Bi. Kidawa alitafuta pa kutazama akapakosa. Mwanamvua akakumbuka kwamba ana nguo za kuanua, akaondoka.

"Nisikilizeni," Zahara akasema, maana ya siku nne yalikuwa yamemjaa. "Nimetoka kazini nikapika. Nimeuliza watu wa mji mzima nipate cha kuwabadilishia ladha. Hakuna aliyewahi kutia mguu jikoni akaniambia, Zahara, ongeza, Zahara, punguza. Anayetaka chakula kiwe kizuri hukifuata kingali motoni, kinapotengenezeka. Nyinyi mmengoja kiive, mkakila, mkakimaliza, ndipo mkanishtaki. Chumvi huonjwa jikoni. Mezani ni lawama!"

Mzee Mhando akairudia methali ile taratibu, kama anayehesabu fedha za watu. Kisha akainyanyua pakiti kwa vidole viwili, akampa Semkiwa.

"Cherehani itabaki ilipo, na asiitaje mtu tena," akasema. "Wewe, inuka. Jikoni ni kule. Kakitie chumvi."

"Mimi, Baba mkubwa?"

"Kwani aliyesema imezidi ni nani? Anayejua iliyozidi hakosi kujua inayotosha."

Semkiwa akainuka. Alipita mlangoni kwa kuinama, ingawa mlango ule haukuwa mfupi. Zahara hakumfuata. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikaa barazani jioni, akanyoosha miguu, na watoto wakaja kumlalia mapajani.

Wakasikia pakiti inachanwa. Wakasikia upawa unagonga sufuria mara nyingi kuliko inavyohitajika. Baada ya muda chakula kikaja, kimebebwa na Semkiwa mwenyewe, kanga ya mkewe mabegani ya kushikia sufuria, uso umemtota jasho.

Wakala. Jioni ile, wajukuu zangu, chumvi ilikuwa imezidi kweli. Ilikuwa chungu. Mwanamume yule alitia konzi nzima akidhani anatia kidogo, asionje hata mara moja. Bi. Kidawa alitafuna machozi yakimlengalenga, akameza, akatafuna tena. Mwanamvua alikunywa maji vikombe vitatu. Mzee Mhando alikula cha kwake mpaka mwisho, akamtazama kila mmoja kwa zamu.

Hidaya, binti wa miaka mitano, ndiye aliyeweka kijiko chini. "Baba," akasema, "chumvi imezidi."

Hakuna mkubwa aliyeinua kichwa. Zahara akamsogezea mwanawe kikombe cha maji, akaendelea kula.

Jumatatu alifungua kibanda chake kama siku zote, na daftari la vipimo likaendelea kujaa mapishi. Wateja walipouliza ndizi ziliishiaje, aliwasimulia, nao wakaenda na maneno yale majumbani kwao, mpaka leo yamefika kwa mama yenu. Na jioni, kabla Zahara hajaepua, Semkiwa aliacha bao lake, akaja mpaka mlangoni pa jikoni, akanyoosha kiganja bila kuitwa.

Basi ndiyo hiyo asili yake. Sasa wewe uliyesusa maharage, mama yenu yuko kule nyuma anapuliza mkaa wa chakula cha jioni, peke yake, nawe umeketi hapa na tumbo lako. Inuka ukanyooshe kiganja. Chumvi huonjwa jikoni, mezani ni lawama.