Kwa Nini Majaruba ya Juu ya Mwamba ni ya Mabinti

Ukipanda leo hadi Lumban Andalu, kijiji kidogo cha Wabatak kilicho milimani juu ya ziwa, utaona majaruba ya mpunga yameshuka ngazi kwa ngazi mpaka bondeni. Lakini juu kabisa, juu ya mwamba, utaona majaruba mengine madogo madogo, mengine hayazidi mkeka wa kulalia watu wawili. Hayo ni ya mabinti. Maji ya chemchemi huingia humo kwanza, ndipo yateremke kwa wanaume. Wageni huuliza ni nani aliyekuwa na akili ya kulima juu ya jiwe. Tulieni basi niwaeleze, maana jambo hili halikuanza kwa akili, lilianza kwa hasira.

Wakati huo mwamba ulikuwa kipara. Nyumba zilikuwa hizi hizi, zimesimama juu ya nguzo, paa zimeinuka ncha mbili kama pembe, nyati wamefungwa chini ya sakafu, na ua wa mianzi umezunguka kijiji kizima. Ila ardhi yote ilikuwa ya wanaume. Binti alihesabiwa mpita njia. Ataolewa, ataingia ukoo mwingine, na ukimpa shamba, walisema, umewapa watu baki.

Rumintang alikuwa mtoto wa pekee. Alikuwa na miaka ishirini, mikono ya kazi, na ulimi uliokaa kimya mpaka uwe na la kusema. Baba yake alipofariki, hakukuwa na kaka wa kurithi, kwa hiyo majaruba manne, ghala na nyati wawili vilikwenda kwa baba yake mdogo, Baba Togap. Mjane aliambiwa akae nyumbani mpaka binti aolewe, baada ya hapo ataangaliwa. Neno hilo "ataangaliwa" lilimkaa Rumintang rohoni. Aliwajua wajane wawili pale kijijini waliokuwa wakiangaliwa. Walingoja wenzao washibe, ndipo wakwangue chungu.

Siku ya kugawa mali, wazee walikaa mkekani, mbele yao wali na samaki mkubwa wa ziwani. Desturi ya pale ni kwamba mambo ya ardhi husemwa kwanza, kisha huliwa. Kila aliyesikia humega samaki yule yule, na neno lililosemwa juu ya samaki halirudishwi tena. Baba Togap alitaja mipaka yake, tuta kwa tuta. Rumintang, aliyekuwa mlangoni ameshika mtungi wa maji, akaomba ruhusa ya kusema. Aliomba jaruba moja tu, la kumlisha mama yake. Wazee waliinamisha nyuso. Baba Togap hakuwa mtu mkatili, tuseme kweli. Alikuwa mtu wa kupenda kuwachekesha wakubwa.

"Mwanangu, usije ukasema nimekunyima," alisema. "Chukua ule mwamba wa juu. Uwe wako, na wa watoto wako, na wa watoto wao."

Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa. Baba Togap naye, kicheko kikiwa bado mdomoni, akamega samaki akala. Wote wakamega wakala.

Rumintang hakulia mbele yao. Alilia jikoni, kidogo, akajifuta uso, akamwambia mama yake kwamba kesho atahitaji lile tenga kubwa la kubebea mpunga.

Alianza na tope la mtoni, lile linaloachwa na mafuriko, ambalo halina mwenyewe. Alijaza tenga, akajitwika, akapanda nalo mlima mzima. Alibeba matenga mawili kabla ya kwenda kulima kwa watu, na moja baada ya kurudi. Ukingoni mwa mwamba alipanga mawe, akaziba nyufa kwa udongo na mabua, akakanyaga mpaka nyayo zikapasuka. Mvua kubwa ya kwanza ikafagia kazi ya miezi mitano. Alikaa pale juu, kalowa chapachapa, akaumia sana moyoni. Halafu akatazama maji yalikopita, na kesho yake akaanza upya, safari hii ukuta ukiwa umepinda kuelekea mlimani, ili uzito wa maji uubane badala ya kuusukuma.

Vijana walimuuliza kama anapanda mpunga au analisha jiwe. Aliwajibu kwamba siku ya mavuno atawaita, waje na vikapu vyao. Wachumba wawili walikuja kuposa. Aliwaambia wangoje mpaka tope limfike magotini. Mmoja akaenda zake, hakuonekana tena. Wa pili akauliza tenga liko wapi. Sina haja ya kuwaambia aliolewa na yupi.

Mwaka wa nne jaruba lilikuwa tayari, na maji yalifika humo kwa bomba la mianzi kutoka chemchemini. Mwaka huo huo mvua zilizidi. Ubavu wa mlima uliporomoka korongoni, ukaondoka na mfereji wa kijiji uliokuwa ukizunguka kando ya mwamba. Ilikuwa wiki ya kupandikiza. Miche ilikwisha kung'olewa na kufungwa mafungu, na miche iliyong'olewa haingoji. Njia ya maji iliyobaki ilikuwa moja tu, kupitia jaruba la Rumintang.

Baba Togap alipanda na wanaume wenye majembe, aukate ule ukuta. Rumintang alimkuta huko, akasimama juu ya mawe yake. Baba yake mdogo alisema mlima wote ni wa ukoo. Yeye hakubishana naye. Alimgeukia Babu Bonar, mkuu wa kijiji aliyepanda nao, akamuuliza kwa adabu kama bado anamkumbuka yule samaki.

"Nilimla," alisema Babu Bonar. "Ninyi nyote mlimla. Jaruba ni lake. Tukikata ukuta huu, kesho ni tuta la nani litakaloheshimiwa?"

Majembe yakashushwa. Kila mtu alidhani sasa ni zamu ya Rumintang kucheka, lakini hakucheka.

"Maji nitayafungua," alisema, "samaki mwingine akiwekwa na neno likasemwa juu yake. Binti akiolewa, aondoke na jaruba lake. Liwe dogo, si neno, lakini liwe huku juu, maji yaanzie kwake."

Walishuka na majembe yao. Siku mbili zikapita, miche ikaanza kuwa ya njano. Majirani waliacha kumsalimu. Mama yake mwenyewe, mwoga kama wajane wote, alimsihi alegeze. Rumintang alimwambia kwamba akiyafungua maji bure leo, kesho atakuwa yule yule binti wa kuchekwa, na mama atakuwa yule yule wa kukwangua chungu. Hakushuka mwambani, alikula huko na kulala huko. Nao moyo ulimuuma kuona miche ile ikifa, maana alijua kazi ya kuiotesha.

Asubuhi ya tatu Baba Togap alipanda peke yake. Mkono mmoja alishika samaki aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Begani alibeba tenga la tope, naye mtu mzima mwenye kitambi, anahema, jasho linamtiririka. Wote walijua kwamba Lamria, binti yake, angeolewa baada ya mavuno.

Alisimama mbele ya Rumintang, hakuweza kumtazama.

"Hili ni la Lamria," alisema. "Nimwage wapi?"

Rumintang alimwonyesha mahali, pembeni mwa ukuta wake, panapopata jua la asubuhi. Alipokwisha kumwaga walikula samaki, wazee wakiwa wamefuata nyuma, na neno likasemwa. Ndipo Rumintang alipoinama akatoa jiwe la katikati, na maji yakashuka kwa wote.

Mama yake alikufa mzee sana, chungu chake kikiwa jikoni mwake. Tangu asubuhi ile, kila baba wa Lumban Andalu anayeoza binti hubeba tenga la kwanza la udongo yeye mwenyewe, begani, mpaka juu ya mwamba. Awe tajiri, awe na magoti mabovu, hasaidiwi. Watu husimama kando ya njia na kumcheka wanavyotaka, naye haruhusiwi kujibu neno mpaka alimwage.