Kanga ya Bi Fisi Isiyofuliwa

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kuwasema, Bi Fisi alijifungua mtoto, akamwita Gombo. Basi! Mtaa mzima haukupumua. Bi Fisi alitaka siku ya kumtoa Gombo nje iwe shughuli ya kusimuliwa mwaka mzima. Na shughuli bila kitoweo laini, nani atakuja?

Mama Tumbili alikuwa chini ya mkuyu wake akiokota matunda. Alimlaza mwanawe mchanga, Bibo, juu ya majani, akageuka kidogo tu. Kugeuka tena, majani matupu! Na unyayo wa fisi huo hapo.

Alilia? Alilia sana. Kisha akafuta machozi, akajipaka majivu uso mzima, akajitanda kanga mpaka puani, akaokota fimbo, akaenda kwa kina Fisi akichechemea: kwacha, kwacha, kwacha.

"Hodi hapa! Mie yaya mzee. Nimesikia watoto wanalia tangu kule kisimani."

Bwana Fisi alitoka, macho mekundu. Mkewe ameondoka asubuhi kualika watu, na kila nyumba anakaa kuisema nyumba aliyotoka. Ndani, Gombo analia: ngwee! Na Bibo, ndani ya tenga: kwii! kwii!

"Karibu, bibi, karibu! Huyu mwanangu. Yule wa tengani ni kitoweo cha kesho. Hali, halali, anakonda tu! Wageni nitawapa nini, manyoya?"

"Hebu nipe huyo wa tengani."

Mama Tumbili akanyoosha mikono. Akampokea. Bibo akanusa mara moja, akanyamaza. Kiganja chake kikapanda, kikapenya ndani ya kanga, kikashika sikio la kushoto la mama yake. Ndivyo alivyozoea kila akinyonya.

Lo! Mama Tumbili alitaka kucheka, akataka kulia. Akamgeuza upesi uso nje.

Bwana Fisi akamkazia macho. "We bibi! Mke wangu kamng'ata. Mimi kaning'ata. Kwako kimya? Mtoto haendi hivi kwa mtu asiyemjua."

"Mikono yangu ina dawa, baba."

"Ina dawa? Basi mnyamazishe na wangu. Ukishindwa, kesho vitoweo viwili."

Haya! Bibo ubavuni, Gombo mkono wa pili, mzito kama jiwe la kusagia. Gombo akanusa majivu, akazidi: NGWEEE! Mama Tumbili akamtikisa, akamwimbia, wapi! Jasho likaanza kuchora mistari kwenye majivu. Bwana Fisi akasogea kutazama vizuri uso ule.

"Huyu naye anamlilia mama yake," Mama Tumbili akawaza, "kama wangu tu." Akatupa jicho mlangoni. Kanga ya Bi Fisi ya jana imetundikwa pale, haijafuliwa, inanuka jasho, maziwa na moshi.

"Nipe ile kanga."

"Ile chafu? Ngoja, bibi, sandukuni zipo mpya za shughuli!"

"Mpya ataijulia wapi? Lete ile ile!"

Akamviringisha Gombo. Gombo akanusa: fu, fu, fu. Akashusha pumzi. Macho yakalegea. Kimyaa.

"Makubwa!" Bwana Fisi akanong'ona. "Kweli una mikono."

"Keti, baba, umpakate. Usijitingishe; akishtuka sasa, mie simo. Huyu kitoweo nampeleka pale mkuyuni, ng'ambo ya ua, nikamwogeshe kwa majani, arudiwe na hamu ya kula."

"Nakusindikiza."

"Na Gombo je?"

Bwana Fisi akajaribu kuinua goti. Gombo akaguna: ng... Goti likarudi chini polepole.

"Nenda. Lakini usikawie!"

Mama Tumbili akatoka kwacha, kwacha, akapita ua kwacha, kwacha, mpaka mkuyuni. Hapo fimbo ikatupwa huko! Paa, shinani! Paa, tawini! Mpaka juu kabisa.

Punde Bi Fisi akarudi, mdomo umemkauka kwa maneno. Tenga tupu. Kutazama nje, mkia unaning'inia mkuyuni.

"Bwana wee! Kitoweo kiko juu ya mti! Inuka!"

"Shhh! Kalala."

"Kalala nani? Inuka nakwambia!"

"Mpakate wewe basi, niinuke mimi!"

Gombo akafumbua jicho, akamwona mama yake, akarusha mikono yote miwili. Bi Fisi angemwachaje? Akampokea, akaketi, akamnyonyesha mpaka mtoto akasinzia tena, huku akiutukana mkuyu. Na Bwana Fisi hata alipoufikia mti, kupanda hajui.

"Bi Fisi!" Mama Tumbili akaita kutoka juu. "Wageni wa kesho wapikie kunde!"

"Nyamaza wewe, utaniamshia mtoto!"

Mama Tumbili akacheka mpaka majivu yakamdondoka. Kisha akashusha pumzi ndefu, uuuh, ile aliyoibana tangu asubuhi. Bibo alikuwa anavuta sikio la kushoto, ananyonya, kope zinamfumba.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu: mtoto mchanga hajui nani mwenye nguvu, anamjua anayempakata.