Kiboko na Mkanda wa Nane

—Paukwa!

—Pakawa!

—Hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

—Pakawaaa!

—Palikuwa na nini?

—Palikuwa na kiti!

—Kiti cha nani?

—Cha aliyewahi!

—Na aliyechelewa?

—Asimame, na asituzibe!

Haya, mliowahi kaeni. Zamda, hizo karanga tafuna polepole, hapa anayetakiwa kusikika ni mimi, shangazi yenu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na akili na watu bado hawajaiazima, palikuwa na mji uitwao Kitopeni. Na Kitopeni palikuwa na ukumbi wa sinema, jina lake Sinema Zumaridi. Ulikuwa ukumbi mkuukuu. Paa lilivuja. Viti vililia nyiii ukikaa, nyiii ukiinuka. Lakini wenyewe waliupenda, na kila mmoja alileta alichonacho. Mnana, yule ndege fundi wa kusuka viota, alishona pazia jeupe kila lilipochanika. Nungunungu alitoa miba yake ikawa misumari ya viti, na ukikaa vibaya ulijua. Kobe ndiye aliyekata tikiti, kwa hiyo foleni ya filamu ya Jumamosi ilianza Jumatatu. Twiga alikatazwa kukaa mbele, akakatazwa kukaa katikati, mwishowe akawekwa nje na kuambiwa achungulie dirishani. Alilipa nusu.

Mashine ya kuonyeshea filamu iliendeshwa na Bi Mjusi. Mwembamba, mkia wake umeshakatika mara mbili na kuota mara mbili. Alizaliwa nyuma ya lile pazia. Mama yake alizaliwa hapo, bibi yake pia. Nyumba nyingine hakuwa nayo.

Zumaridi ilikuwa na sheria moja tu: humu ndani hakuna kumla mwenzio. Basi Chui alikaa ubavuni mwa Mbuzi. Pakitokea la kusikitisha, Mbuzi alilia begani kwa Chui, na Chui akampa leso. Nje ya mlango, kila mtu na miguu yake. Kitopeni nzima hapakuwa na mahali pengine ambapo Mbuzi aliweza kukaa saa mbili bila kugeuka nyuma.

Na filamu ilikuwa moja. Ndiyo, moja, miaka yote. Iliitwa Barua ya Bi Kanga, na ilikuwa na mikanda minane. Mkanda wa nane uliliwa na mchwa mwaka wa mafuriko. Mchwa waliomba radhi, wakasema walidhani ni ubao.

Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri mashine ilianza, trrrrr, na Bi Kanga akasubiri barua. Miaka saba anasubiri barua! Inafika. Anaichana bahasha. Anakunjua karatasi. Anasoma. Machozi yanamlengalenga, anafungua mdomo aseme... kata! Pazia jeupe pe. Hapo ukumbi mzima ulisimama.

—Mwisho uko wapi? aliita Bi Mjusi.

—Hatujauona! waliitikia.

Kisha wakaanza kubishana barua ilisema nini. Walibishana wakitoka, walibishana kisimani, walibishana mpaka Jumamosi nyingine, wakarudi kuhakikisha. Ndiyo raha yao. Nyie mna raha gani?

Sasa, alikuwapo Bwana Kiboko. Naye alikuja Zumaridi kila Jumamosi, lakini yake ilikuwa nusu ya kwanza. Mapumziko yakifika tu, ndi! ndi! ndi! anatoka kwenda kwenye meza ya vitafunio. Anakula bisi. Anakula kashata. Siku moja alikula na meza. Kisha anakwenda zake kulala. Nusu ya pili hakuwahi kuiona hata siku moja. Lishikeni hilo, sitalirudia.

Kiboko alikuwa na mto. Akasema, "Haunitoshi." Akachukua ziwa. Akasema, "Halinitoshi." Akachukua dimbwi la vyura, vyura wakahamia kwenye ndoo. Akasema, "Halinitoshi." Akaangaza macho, akauona ukumbi wa Zumaridi. Sakafu yake imeinama, juu kwa nyuma, chini kwa mbele, ili wote waone.

"Lahaula!" akasema Kiboko. "Kumbe hili ni bwawa! Kina kirefu pale kwenye pazia, kina kifupi pale mlangoni. Wajinga hawa wamekaa humu miaka yote na hawajatia maji!"

Akaenda kwenye Baraza la Maendeleo. Baraza lilitafakari kwa kina. Lilitafakari tangu sahani zilipowekwa mezani mpaka zilipoondolewa. Kisha likampa cheti chenye mhuri: sinema ni uchakavu, bwawa ni maendeleo, na bwawa la mtu mmoja ni maendeleo zaidi, maana halina msongamano.

Siku ya Ijumaa, ndi! ndi! ndi! Kiboko akafika Zumaridi na Faru wawili wenye nyundo.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Bi Mjusi toka ukutani.

"Marahaba. Hama."

"Nihamie wapi?"

"Mjusi hakosi ukuta. Nabomoa."

Bi Mjusi akahisi mkia unataka kudondoka. Akaubana. Akatazama lile pazia alilozaliwa nyuma yake, halafu akatabasamu. Mjusi akitabasamu, watoto, ondokeni karibu yake.

"Hongera, Bwana Mkubwa," akasema. "Mji ulikuwa unangoja mtu wa kutuletea bwawa tusiloruhusiwa kuoga. Ila tunakuomba kitu kimoja. Tuage. Filamu ya kesho ndiyo iwe ya mwisho. Ikiisha, vunja. Nawe utakaa juu, kwenye kiti cha heshima, na chakula tutakuletea hapohapo, usitoke hata mapumziko."

"Chakula gani?"

"Masinia manne."

"Sita."

"Sita, Bwana Mkubwa. Nawe useme mbele ya watu, kwa kile kiapo chenu, kwamba hutagusa tofali mpaka filamu iishe. Ili wenye midomo wasiseme Bwana Kiboko hana adabu."

Viboko wana kiapo kimoja, kiapo cha maji. Kiboko akikivunja, maji humkimbia, na kiboko bila maji ni ngozi inayopasuka tu. Hawakichezei. Lakini filamu ni saa mbili, na masinia ni sita. Kesho yake Kiboko akasimama mbele ya mji mzima, akanguruma, "Sitagusa tofali moja la Zumaridi mpaka filamu hii iishe. Nikigusa, maji yanikimbie!"

Watu wakatazamana. Mbuzi akataka kucheka, Chui akamkanyaga kidogo.

Trrrrr! Filamu ikaanza. Sinia la kwanza, Bi Kanga anasubiri barua. Sinia la tatu, anasubiri. Mapumziko, Kiboko hakutoka. Sinia la tano, barua imefika. Sinia la sita lilikuja na Kiboko hakulitazama, amesogea mbele, mdomo wazi. Bi Kanga anachana bahasha. Anakunjua karatasi. Anasoma. Machozi yanamlengalenga, anafungua mdomo... kata!

"Imeisha!" akapiga kelele Kiboko. "Faru! Nyundo!"

"Nani kasema imeisha?" akauliza Bi Mjusi kwa upole. "Neno MWISHO umeliona?"

"Sijaliona, lakini..."

"Mwisho uko wapi?"

—Hatujauona! ukumbi ukaitika, Twiga toka dirishani.

Nyie, kule Kitopeni hata kifaranga alijua filamu ile haina mwisho. Asiyejua alikuwa mmoja, yule aliyekwenda kula. Kiboko akageuka rangi. Akapiga hatua moja kuelekea ukutani, akahisi ngozi inamkauka, akarudi. Akashuka ngazi, ndi, ndi, ndi, kwa unyonge. Mlangoni akasimama. Akageuka.

"Lakini," akasema taratibu, "barua ilisema nini?"

Basi na yeye akanaswa. Jumamosi iliyofuata wa kwanza kwenye foleni ni yeye, alimkuta Kobe bado anafungua dirisha tangu Jumatatu. Mbuzi alisema barua imetoka kwa mama yake Bi Kanga, amemsamehe. Chui alisema ni mwaliko wa chakula cha mchana, na Mbuzi akamtazama. Kiboko aliwafokea wote. Alisema barua imetoka kwa kiboko mmoja tajiri, mtanashati, anayeomba kumwoa Bi Kanga. Katika filamu ile hamna kiboko hata mmoja. Kiboko alisema ndiyo maana ameandika barua.

Lakini bwawa hakulisahau. Akamtuma Kunguru dunia nzima atafute mkanda wa nane, ili filamu iishe, avunje. Na hapo Bi Mjusi aliogopa kweli. Alijua filamu haitengenezwi nakala moja. Leo, kesho, Kunguru angeupata. Siku mbili hakula hata mbu. Siku ya tatu akaenda kuzungumza na Kunguru. Walizungumza nini, subirini.

Wiki haikuisha, Kunguru akatua na kopo la bati, juu yake imeandikwa nane.

Jumamosi ile hapakuwa na pa kukanyaga. Hakuna aliyecheka. Mbuzi alikaa karibu na Chui kuliko siku zote, analia hata kabla filamu haijaanza, na Chui alitazama mbele tu, leso mkononi, hajui ampe au ajifutie mwenyewe. Mnana alikuwa ameshona pazia upya, uzi mzuri kabisa, kwa ajili ya siku moja.

Mikanda saba ikapita. Bi Kanga akafungua mdomo. Kata! Bi Mjusi akabeba kopo mpaka kwa Kiboko, mbele ya wote.

"Kabla sijaweka mkanda," akasema, "Bwana Mkubwa awaambie watu barua imetoka kwa nani. Kwa sauti."

"Kwa kiboko!" akanguruma Kiboko. "Nimesema tangu mwanzo! Anayebisha ni mpumbavu!"

Bi Mjusi akapanda begani kwake, akamnong'oneza sikioni.

"Bwana Mkubwa, mimi nimezaliwa nyuma ya pazia. Mkanda huu niliuona kabla ya mchwa."

"Ehe! Imetoka kwa kiboko, sivyo?"

Bi Mjusi akakohoa.

"Sivyo?"

"Sipendi kumwaibisha mtu mzima."

"Sema! Kwa nani?"

"Mbuzi ana akili sana," akasema Bi Mjusi. "Nimekuwa nikimwambia."

Jasho likamtoka Kiboko. "Mbuzi? Mbuzi huyu?"

"Watacheka kidogo tu, Bwana Mkubwa. Mwaka mmoja, miwili. Wewe utakuwa na bwawa lako. Utaoga humo huku unawasikia."

"Ufiche huo mkanda!"

"Nitaufichaje? Mji mzima umeuona."

Kiboko akatazama kopo. Akatazama Mbuzi. Akatazama kopo. Akafungua mdomo wake, ule mdomo mnaoujua, na ngwaaam! Kopo, mkanda, mfuniko, vyote vikaenda.

Twiga akaingiza kichwa kizima dirishani.

"Nilidhani ni kashata," akasema Kiboko.

"Pole sana," akasema Bi Mjusi. "Mwisho uko wapi?"

—Hatujauona! ukumbi ukalipuka. Na sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Kiboko.

Chui alimpa Mbuzi leso. Ilikuwa imeshalowa.

Sasa niwaambie kilichokuwa ndani ya kopo. Tangazo la sabuni ya kufulia. Bi Mjusi alilitoa mwenyewe stoo, akaandika nane kwa mkaa, akampa Kunguru, na Kunguru akafurahi kupumzisha mabawa. Kama Kiboko angeacha lionyeshwe, wangeona shati jeupe, basi, na neno MWISHO lisingetokea. Lakini angeendelea kutafuta. Alipolimeza, Kunguru aliambiwa arudi nyumbani, na mpaka leo Kiboko hataki kusikia mtu akitaja mkanda wa nane. Wanasema kwa siku tatu alitoa povu kila akipiga miayo. Hayo ni maneno ya vyura, mimi sikuwapo.

Kwa sasa Bwana Kiboko ni Mlezi wa Sinema Zumaridi. Juu ya mlango pana kibao: Jengo Hili Limehifadhiwa kwa Hisani ya Bwana Kiboko. Baraza la Maendeleo lilikuja kupiga picha na kutoa hotuba kwamba siku zote lilikuwa linapenda sinema. Jina la Mnana halikutajwa, wala la Nungunungu. Bi Mjusi alikuwa ukutani na picha ilimkata. Alisema hapendi picha zisizotembea.

Ngano yangu imekoma hapo. Ikiwapendeza ni yenu, isipowapendeza mpelekeeni Kiboko, yeye humeza chochote. Na funzo lake, andikeni: jambo ukilianza, limalize. Asiyemaliza alichoanza hafiki popote. Nendeni mkawaambie watu wa Kitopeni, mwone watakavyowapigia makofi.

Unasemaje, Zamda? Barua ilisema nini?

Hilo ni swali la maana, la kwanza leo. Bi Mjusi aliniambia, maana yeye kweli aliuona ule mkanda kabla ya mchwa. Sogea. Sogeeni wote. Bi Kanga alikunjua karatasi, machozi yakamlengalenga, akafungua mdomo, akasema...

—Shangazi! Mwisho uko wapi?

—Haya, semeni wenyewe.

—Hatujauona!